Hadithi Humsaidiaje Mtoto Kujifunza Kusoma?

Mtu aliyekwisha kuzoea kusoma haoni tena kuwa kusoma ni kazi. Mwanafunzi wa sekondari hupitisha macho juu ya ukurasa, na maana humjia papo hapo. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kila neno ni mlima wa kupandwa. Tena walimu wengi wamekutana na mtoto awezaye kutamka kwa sauti kila neno la aya, lakini aulizwapo aya hiyo inasema nini, hukaa kimya. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, na jinsi hadithi iwezavyo kuliondoa.

Mambo mawili yanayozidishwa

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa maelezo mepesi juu ya kusoma. Walisema kwamba kusoma kwa ufahamu hutokana na mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuelewa lugha yenyewe kama inavyosemwa. Kwa lugha ya hisabati twaweza kuandika hivi:

U = T × L

U ni ufahamu wa kinachosomwa, T ni utambuzi wa maneno, na L ni uelewa wa lugha. Kila kimoja huhesabiwa kuanzia 0 hadi 1. Msomaji aangalie kwamba alama iliyotumika ni ya kuzidisha, wala si ya kujumlisha. Kwa mfano, mtoto mwenye T ya 0.9 na L ya 0.3 atapata U ya 0.27 tu. Na ikiwa mojawapo ni 0, jibu litakuwa 0, hata kama la pili ni kamili. Mtoto wetu anayetamka bila kuelewa ana T kubwa na L ndogo.

Wepesi wa tahajia ya Kiswahili

Kiswahili kina irabu 5, na kila irabu huandikwa kama inavyotamkwa. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu na jamaa zake aweza kutamka hata neno ambalo hajapata kuliona. Si lugha zote zilizo na wepesi huu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchelewa sana kuwafikia wenzao wanaosoma lugha zenye tahajia nyepesi, kama Kifini.

Hata hivyo wepesi huu una hatari yake. T hupanda upesi, na mwalimu au mzazi huweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Zaidi ya hayo, maneno ya Kiswahili huwa marefu, na neno moja huweza kubeba sentensi nzima. Tuchukue neno hakumpelekea. Lina silabi 7: ha-ku-m-pe-le-ke-a. Silabi za mwanzo zinakanusha na kuonyesha wakati uliopita. M inamtaja anayetendewa. Tendo lenyewe linafuata nyuma. Kumbukumbu ya muda mfupi huhifadhi vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mtoto asomaye silabi moja moja huweza kufika mwisho wa neno akiwa amekwisha kusahau kwamba lilianza kwa kukanusha.

Kazi ya hadithi

Hadithi humsaidia mtoto huyu kwa njia tatu.

Kwanza, humpa lugha pana. Mazungumzo ya nyumbani hutegemea vitu vinavyoonekana: "Lete hicho," "Weka pale." Katika hadithi hakuna cha kuonyesha kwa kidole. Msitu, njaa na hila za Sungura vyote hujengwa kwa maneno. Hivyo L hukua, hata kabla mtoto hajajua herufi moja.

Pili, humfundisha kutazamia. Mtoto asikiaye kwamba Sungura aliahidi kumpelekea Fisi chakula, naye anaujua ujanja wa Sungura, hulikuta neno hakumpelekea akiwa amekwisha kulingojea. Lakini aangaliwe asibahatishe tu. Aliloliwaza lazima alihakikishe kwa herufi.

Tatu, hurudia. Katika hadithi nyingi maneno yale yale hurejea kila mnyama mpya anapotokea. Neno lililosumbua mara ya kwanza husomeka kwa wepesi mara ya tatu, na mtoto hachoki, maana anataka kujua mwisho.

Namna ya kumsomea mtoto

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa umri wa miaka 2 hivi. Wazazi wote waliwasomea watoto vitabu vya picha, ila kundi moja la wazazi lilifundishwa kuuliza maswali na kuendeleza majibu ya mtoto. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewapita wenzao katika kujieleza. Basi mwanafunzi wa sekondari mwenye mdogo wake nyumbani aweza kufanya hivi:

1. Msomee polepole, huku kidole kikifuata maneno.
2. Simama mahali penye mashaka, umwulize: "Unadhani Fisi atafanya nini? Kwa nini?" Epuka maswali ya ndiyo na siyo.
3. Akijibu kwa neno moja, lirudie katika sentensi kamili.
4. Rudieni hadithi hiyo hiyo siku nyingine, naye asome maneno yanayorejearejea.
5. Mwishoni akusimulie yeye.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umehimiza uchapishaji wa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili. Pasipo kitabu, mtoto asimulie hadithi ya bibi yake, nawe uiandike katika daftari kwa herufi kubwa. Hicho kitakuwa kitabu ambacho maana yake anaijua tayari.

Yote haya hayaondoi mafunzo ya herufi na silabi. Mlinganyo wetu unakataza: L kubwa ikizidishwa kwa T ya 0 huleta 0. Lakini mtoto aliyepewa silabi peke yake atafika madarasa ya juu akitamka sayansi, historia na jiografia bila kuzielewa, na hapo kumsaidia ni kugumu zaidi.

Maswali

1. Mtoto ana T ya 0.8 na L ya 0.5. Tafuta U. Je, asaidiwe zaidi kwa silabi au kwa hadithi?
2. Gawa neno tuliwatafutia katika silabi. Ni silabi ipi inayowataja watendaji, na ni ipi inayowataja watendewa?
3. Eleza kwa nini kusoma hadithi moja mara nyingi si kupoteza wakati.