"U mzima?" Swali Lisilotosha

Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Hadi leo vyuo vya Marekani husajili wakimbiaji wetu, na vijana huja kwetu madaktari wa Westlands na katikati ya jiji, fomu ya afya mkononi.

Msajili huuliza, "U mzima?" Kijana, kwa hofu ya kukosa nafasi, hujibu, "Mzima." Afadhali aulizwe hivi, kocha akiwa nje:

1. Umewahi kuzimia au kuumwa na kifua ukikimbia?

2. Kuna jamaa yako wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50?

3. Umewahi kupimwa selimundu?

4. Kwa msichana: ulipata hedhi lini mara ya mwisho?

Maswali mawili ya kwanza huweza kufichua maradhi ya moyo. La tatu ni muhimu kwa wenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja huonekana mzima, lakini mazoezi makali ya ghafla yaweza kumwangusha. Mchezaji wa Rice University alifariki hivyo mwaka 2006. Hata hivyo, mtu huyo aweza kukimbia, mradi aanze polepole, anywe maji na kupumzika. Hedhi ikikoma, huenda msichana hali chakula cha kutosha, na mifupa yake itadhoofika.

Mzazi, mhimize mwanao aseme kweli. Jibu la "ndiyo" halifungi mlango. Humpeleka kwenye kipimo kabla ya safari.