Darsa ya Ramadhani, Siku ya 12: Aliyejikwaa

Jana baada ya Tarawehe niliteleza pale tunapotawadhia, chali, kanzu yote maji. Nikacheka mwenyewe kwanza, nanyi mkacheka. Hapo hakuna neno. Lakini juzi alianguka mzee wetu mmoja, vijana wakacheka kabla hajainuka, na tangu siku ile sijamwona safuni.

Imam Muslim amepokea kwamba vijana wa Kikureshi waliingia kwa Bibi Aisha (r.a.) kule Mina wakicheka: mtu kajikwaa kwenye kamba ya hema, nusura aumie shingo au jicho. Akawakataza kucheka, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema Muislamu hachomwi hata na mwiba ila huandikiwa daraja na kufutiwa kosa.

Leo baada ya Alasiri nakwenda kwa mzee. Wale vijana, mnajijua, tufuatane.