Mtoto Akiuliza Baba Alikufaje

Mtu anapojiua, huku Njombe na Makambako kama kwingineko, watoto ndio wa mwisho kuambiwa. Wakubwa wanashughulika na msiba, wadogo wanapelekwa kwa jirani, na anayeuliza hujibiwa kwamba baba aliugua ghafla. Nia ni njema, ila siri hiyo haidumu. Mtoto ataipata bombani au shuleni, kwa mwenzake aliyeisikia nusunusu, na siku hiyo ataacha kuwaamini hata waliobaki. Ni afadhali aambiwe ukweli mapema, kwa maneno machache, na mtu anayempenda.

Mkoa wetu unajua gharama ya kuficha, maana vifo vya UKIMWI navyo vilifichwa watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya wakazi wa Njombe wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, kiwango kikubwa kuliko mikoa mingine yote. Nyumba nyingi zimelea yatima, na walezi wanafahamu kwamba mtoto asiyepewa jibu hujitungia lake. Mdogo hujilaumu: alikataa kutumwa dukani, jioni baba akafa, basi yeye ndiye chanzo. Lawama hiyo hutokea kwa sura nyingine, kama kukojoa kitandani, tumbo kuuma kila asubuhi ya shule, au ukali ambao hakuwa nao. Mwambie: “Baba alikuwa na maumivu makubwa moyoni, hakuona msaada, akajiua. Si kosa lako, wala la mama.” Njia aliyotumia haina haja ya kuelezwa.

Wapo wanaohofia kwamba mtoto akijua ataiga. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwani waliofiwa na mzazi hivi wako hatarini kuliko wenzao, ingawa wengi wao hukua salama. Lakini tafiti zinaonesha kwamba kumuuliza mtu kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii mawazo hayo. Kunampa nafasi ya kuyasema. Wengine wanaogopa aibu, kanisa, hata sheria, maana Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini mjane na yatima hawana kosa lolote. Wazee wa kanisa na majirani wanaoacha kuingia nyumba hiyo wanawaadhibu wasiohusika, na hilo ni dhuluma.

Mtoto akisema anatamani kumfuata marehemu, msimkaripie wala kumwacha peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Pigeni pia 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haitozwi.