Dado na Biliadi: Bahati Iko Wapi, na Ustadi Uko Wapi

Michezo ni mingi, lakini ukiichungua utaiona imegawanyika mafungu mawili. Iko michezo ambayo mwenye kushinda ameshinda kwa bahati tu, na iko ambayo ameshinda kwa sababu mkono wake na akili yake vimezoezwa kuliko vya mwenziwe. Dado ni mfano wa fungu la kwanza. Biliadi, hasa ile ya meza ndogo yenye mashimo sita ambayo watu huiita pool, ni mfano wa fungu la pili. Asiyejua tofauti hiyo aweza kupoteza mshahara wa mwezi mzima kwa usiku mmoja, maana huingoja bahati kama mtu aingojaye zamu yake kisimani. Basi hapa yataelezwa kwanza mambo ya dado, pamoja na michezo mitatu ifaayo watoto isiyo na fedha ndani yake, kisha namna ya kuuzoeza mkono mezani.

Neno dado tumelipata kwa Wareno, ambao walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, nao husema vivyo hivyo hata leo. Majina ya karata, kama kopa na shupaza, yalitoka kwao pia. Lakini mchezo wenyewe ni wa kale kuliko Wareno. Wayunani na Warumi walirusha vifupa vya vifundo vya miguu ya kondoo na mbuzi, na Wahindi katika mchezo wao wa pachisi walirusha kauri, wakihesabu ngapi zimeanguka kinywa juu. Kutoka pachisi Waingereza walitengeneza ludo mwaka 1896, na ludo ndiyo ichezwayo leo barazani na nyumbani kote.

Mzazi hahitaji kununua dado. Na atwae kipande cha mti, akichonge kiwe na pande sita zilizo sawa kabisa, kila upande upana wa kidole gumba, kisha atie madoa kwa ncha ya msumari uliotiwa moto. Madoa yana utaratibu wake: pande mbili zinazoelekeana lazima zijumlishe saba. Moja huelekeana na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kazi ya kuchonga isifanywe kwa haraka, kwa sababu dado lililopinda huupendelea upande mmoja. Kulijaribu ni rahisi. Lirushwe mara 60, na mtoto aandike kila lionyeshalo. Dado la haki litaonyesha kila upande karibu mara 10, ikizidi au ikipungua kidogo si neno. Bali upande mmoja ukitokea mara 20 au zaidi, heri kulichonga jingine.

Mchezo wa kwanza Waingereza huuita kwa jina la nguruwe, lakini jina la Fisi laufaa zaidi, kwani ni mchezo wa ulafi. Kila mtoto kwa zamu yake hurusha dado moja mara nyingi apendavyo, akijumlisha anayopata. Aweza kusimama wakati wowote na kuiweka akiba jumla yake. Lakini likitokea moja kabla hajasimama, yote aliyoyakusanya katika zamu hiyo yamepotea, na dado humwendea mwenziwe. Wa kwanza kufikisha akiba ya 100 ndiye mshindi.

Watoto wakicheza mara chache tu wataanza kuulizana: je, inafaa mtu asimame akifika ngapi? Swali hili lina jibu, na mtoto wa darasa la tano aweza kulifahamu akielezwa polepole. Tuseme amekwisha kukusanya 20, naye anataka kurusha tena. Katika njia sita zilizo sawa, njia tano zitamwongezea: mbili, tatu, nne, tano na sita, na jumla yake ni 20. Njia moja itamnyang'anya, nayo itamnyang'anya 20. Faida na hasara zimelingana. Akiwa na pungufu ya 20, kurusha kuna faida. Akiwa na zaidi, kurusha kuna hasara. Basi mwenye busara husimama akifika 20. Hata hivyo asidhani kwamba atashinda kila mara, kwa kuwa hesabu hailiamuru dado. Humwonyesha tu njia iliyo bora akicheza siku nyingi.

Mchezo wa pili ni Mbio za Punda, kama zile za Lamu, nao wahitaji madado mawili. Ardhini huchorwa mistari kumi na mmoja, na kila mmoja hupewa namba, kuanzia 2 hadi 12. Juu ya mistari huwekwa mawe kumi na moja kuwa punda. Kila mtoto huchagua punda wake. Madado yakirushwa hujumlishwa, na punda mwenye namba hiyo husogea hatua moja. Afikaye hatua ya kumi kwanza ameshinda.

Mara ya kwanza watoto huchagua namba waipendayo, na wengi huipenda 12 kwa kuwa ni kubwa. Mzazi asiwaambie neno. Baada ya mbio tatu au nne wataona wenyewe kwamba 12 hasogei, naye 7 hakamatiki. Hapo ndipo pa kuwafundisha. Dado la kwanza lina njia sita, na kwa kila moja ya hizo dado la pili lina njia sita, basi jumla ni njia 36. Kupata 12 iko njia moja tu, sita na sita. Kupata 7 ziko njia sita: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, nne na tatu, tano na mbili, sita na moja. Namba 6 na 8 zina njia tano kila moja, na namba 2, kama 12, ina njia moja.

Watoto watabisha kwamba tatu na nne ni sawasawa na nne na tatu. Wasichekwe, maana jambo hilo liliwatatanisha hata watu wazima wenye elimu. Mwanzoni mwa karne ya 17 wachezaji wa Italia walirusha madado matatu, wakaona 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, ingawa kila moja ya jumla hizo huundwa kwa mafungu sita ya namba. Galileo, yule mtaalamu wa nyota, aliulizwa sababu. Akahesabu kila dado peke yake, kana kwamba kila moja lina rangi yake, akapata njia 216 kwa jumla: katika hizo 27 huleta 10, na 25 huleta 9. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya maswali ya namna hiyo hiyo, na kutokana na barua zile ikakua elimu ambayo kampuni za bima huitumia hata leo kukadiria malipo. Dawa ya ubishi wa nyumbani ni hiyo hiyo ya Galileo: dado moja lipakwe rangi nyekundu na jingine liachwe jeupe.

Mchezo wa tatu, Kufunga Sanduku, ni wa kujifunza kujumlisha. Mtoto huandika namba 1 hadi 9, hurusha madado mawili, kisha hufuta namba ambazo jumla yake ni sawa na alichopata. Akipata 8 aweza kufuta 8, au 5 na 3, au 1, 2 na 5. Asipoweza kufuta tena, zilizosalia hujumlishwa na kuandikwa kuwa deni lake, na mwenye deni dogo ndiye mshindi. Wenye miaka saba huupenda sana.

Liko jambo moja zaidi ambalo mtoto alijue kabla hajaziona barabara za mjini: dado halina kumbukumbu. Likionyesha sita mara tatu mfululizo, mara ya nne sita ina nafasi ile ile, moja katika sita. Halikumbuki lililopita, wala halimwonei huruma aliyeshindwa. Mcheza kamari husema, "Nimeshindwa mara tano, sasa zamu yangu imekaribia," naye hutoa noti nyingine. Zamu hiyo haipo. Ama ule mchezo wa pata potea wa karata tatu, uchezwao penye vituo vya basi, huo hata bahati haumo. Ni wizi wa vidole, na baadhi ya wale waonekanao kushinda ni wenzake mwenye karata.

Na sasa biliadi. Hapa jambo hugeuka. Mkono wa mrusha dado haufundishiki, ila mkono wa mshika fimbo hufundishika mwaka hata mwaka. Mwaka 1827 Kapteni Mingaud wa Ufaransa alitoa kitabu kule Paris juu ya mchezo huu. Yeye ndiye asifiwaye kwa kutia ngozi kwenye ncha ya fimbo, hata mpira ukaweza kuzungushwa upendavyo. Mwaka 1835 Coriolis, Mfaransa mwenzake, aliandika kitabu kizima cha hesabu ya mwendo wa mipira hiyo. Watu wa Afrika Mashariki waliuchangia mchezo huu kwa namna ya kusikitisha: katika karne ya 19 mipira mizuri ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, zikapakiwa Unguja kwenda Ulaya na Marekani. Pembe moja hutoa mipira michache tu. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu badala yake, na miaka michache baadaye John Wesley Hyatt akatengeneza mipira ya seluloidi. Leo hutengenezwa kwa plastiki ngumu.

Kosa la wanaoanza, karibu wote, ni kupiga kwa nguvu. Hudhani mpira uendao kasi utaingia tu mahali fulani, na kusema kweli huko ni kuirudisha dado mezani. Mpira uendao polepole huingia hata ukigusa ukingo wa shimo, ule wa kasi hurudishwa nje.

Msimamo uwe hivi. Miguu iachane kiasi cha upana wa mabega, mwili uiname hata kidevu kikaribie fimbo, na macho yafuate fimbo kama yafuatavyo mtutu wa bunduki. Mkono wa mbele ukae imara juu ya kitambaa, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka mpira mweupe. Mkono wa nyuma uishike fimbo kwa wepesi, kama mtu ashikaye kifaranga asitake kukiumiza. Kiwiko kitulie, kinachobembea ni mkono kutoka kiwiko kushuka. Baada ya kupiga fimbo iendelee mbele kidogo, na kichwa kisiinuke mpaka mipira imetulia. Mwenye kuinuka upesi ili aone alivyofanya ndiye asiyefanya.

Juu ya kulenga, liko jambo moja ambalo likifahamika mchezo hubadilika. Chora kwa mawazo mstari kutoka katikati ya shimo, upite katikati ya mpira utakao kuuingiza, utokee nyuma yake. Nyuma hapo, juu ya mstari huo, uwaze mpira wa kivuli unaougusa ule wa kweli. Mpira mweupe lazima ufike mahali pa kivuli hicho, katikati juu ya katikati. Wengi hulenga lile doa ambapo mipira itagusana. Mpira mweupe una unene wake, basi hugusa kabla ya kufika hapo, hupiga katikati mno, na mpira hupita kando ya shimo. Mchezaji hulaumu meza.

Mpira mweupe nao uwe na mahali pa kwenda. Ukipigwa chini kidogo ya katikati, ukaugusa mwenziwe uso kwa uso kabla haujaanza kubingirika, husimama papo hapo. Ukipigwa juu, humfuata mwenziwe. Ukipigwa chini sana, hurudi nyuma. Ukigusa kwa ubavu, nao unateleza bila kuzunguka, mipira miwili huachana kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Mwenye kujua hayo huona shimo la pili kabla hajaupiga mpira wa kwanza. Tahadhari moja: katika meza nyingine za kulipia sarafu mpira mweupe hutofautiana na mingine kwa ukubwa au uzito, ili ukianguka shimoni urudi mchezoni; hapo pembe hubadilika, na mgeni afanye majaribio kwanza.

Katika mabaa mengi desturi ni aliyeshindwa kulipia meza. Zaidi ya hapo fedha hazimfundishi mtu. Achezaye kwa dau kubwa hupiga tu mipira aliyokwisha kuizoea, na ile asiyoiweza huiogopa mwaka mzima.

Atakaye kuendelea na afike mapema, meza ikiwa tupu, akiwa na chaki na daftari. Auweke mpira mmoja nusu mita kutoka shimo la pembeni, na mweupe nyuma yake katika mstari ulionyoka, apige mara kumi, kila mara mweupe usimame ulipogusa. Aandike ngapi zimeingia na ngapi zimesimama. Akipata nane katika kumi siku tatu mbalimbali, ausogeze mweupe nyuma kiasi cha shubiri moja, kisha aanze kuhesabu upya.