Mkono Haukuvunjika Wenyewe

*Shangazi, nilikuwa mwanariadha wa marathoni. Niliwahi kupokewa kwa maziwa ya mursik uwanja wa ndege wa Eldoret, watu wakanibeba juu. Baadaye nikapatikana na dawa za kututumua misuli, nikafungiwa miaka minne, pesa zikaisha na marafiki nao wakaisha. Asubuhi moja mwenye nyumba alinitukana mbele ya majirani kwa sababu ya kodi. Jioni mke wangu akaniuliza karo ya mtoto. Hasira zikanishinda, nikamsukuma, mkono wake ukavunjika. Yeye ni fundi wa kushona. Sasa ni mwaka na nusu yuko kwao, hapokei simu zangu. Cherehani yake iko hapa, kila Jumapili naipaka mafuta. Nampenda kuliko siku nilipomwoa. Nataka kutuma wazee wamweleze. Nifanyeje?*
*Aliyekuwa Shujaa, Uasin Gishu*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale: “mkono wake ukavunjika.” Kikombe ndicho huvunjika kikiteleza mezani. Mkono huo uliuvunja wewe. Chukua kalamu uandike upya: nilimsukuma, nikamvunja mkono. Usitie neno la utetezi mbele wala nyuma. Kisha isome kwa sauti ukiwa peke yako. Itakuuma, na sisemi hivi kwa kukudharau. Aliyekimbia kilomita 42 anaweza kuubeba ukweli wa maneno matatu.

Halafu hizo hasira unazosema zilikushinda. Asubuhi ile mwenye nyumba alikutukana watu wakisikia, na mikono yako ikatulia. Basi hasira zako zilikuwa na macho. Zilimpita mwanamume mwenye uwezo wa kukutoa nje, zikangoja jioni, zikamwangukia mama aliyeulizia karo ya mwanenu. Hilo ndilo la kumpelekea mshauri nasaha. Ulizia katika hospitali ya kaunti, na uende wiki baada ya wiki, jinsi ulivyokuwa ukienda mazoezini kabla ya jua kuchomoza.

Kwamba unampenda, naamini. Wengi watakuambia anayepiga hapendi. Mimi nimeishi vya kutosha kujua kuwa moyo mmoja hubeba yote mawili, na hapo ndipo panaponitisha. Lakini jaribu kulisikia hilo “nakupenda” kwa masikio yake. Anaishi kwenye ardhi hii hii ya wakimbiaji. Agnes Tirop alikutwa amekufa kwa majeraha ya kisu nyumbani Iten mnamo Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Alikuwa na miaka 25. Septemba 2024 tukampoteza Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyechomwa kwa petroli nyumbani kwake Trans Nzoia, hata mwezi haujaisha tangu akimbie marathoni ya Olimpiki jijini Paris. Mke wako anayajua majina hayo. Simu yako ikilia usiku, anainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. (Na wewe dada unayesoma haya ukiwa na hofu kama hiyo, piga simu ya msaada 1195. Ni bure.)

Kwa hiyo wazee usiwatume. Najua kwako hiyo ni heshima. Kwake itakuwa hivi: wanaume watano wenye mvi wamekaa sebuleni kwa baba yake, chai imemiminwa, wote wanamtazama yeye. Akisema hapana, ataitwa mwenye moyo mgumu. Wewe uliyemvunja mkono utakuwa umemgeuza yeye kuwa mdeni wa msamaha. Acha na kupiga simu. Siku akitaka kusema nawe, nambari yako anayo. Asipotaka mpaka anazeeka, ni haki yake, na hayo mapenzi utayabeba wewe bila kumtwika.

Karo ipeleke moja kwa moja shuleni, hata ikiwa ni kidogo kidogo ya vibarua vya shambani. Usimtumie picha ya risiti ili akushukuru. Kama mkono ule bado unadai matibabu, gharama ni yako, na mtu wa kwao akikutajia kiasi, usianze kujadiliana.

Sasa cherehani. Hapa nimefikiri sana, kwa kuwa naona umeifanya kama kaburi la kupalilia kila Jumapili. Ile ni kazi yake na chakula chake, na umekaa nayo mwaka na nusu. Mpigie kaka yake, mara moja tu, aje na pikapu siku ambayo hutakuwepo, ufunguo umwachie jirani. Weka na mkasi, bobini zote, futi ya kupimia, na kitambaa alichokiacha chini ya sindano kama bado kipo. Mkono ukikataa kushona, ataiuza. Barua usiweke.