Kusi Inapolegea: Uvuvi wa Ziwa Nyasa na Pwani ya Kusini Katika Majira ya Kuchipua

Kijitabu cha elimu kwa wachuuzi, walaji na jamaa za wavuvi wa Mfaranyaki, Songea

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuletewa kijitabu cha uvuvi wewe ambaye nyumba yako imesimama juu ya udongo mwekundu wa Songea, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali pasipo ngalawa wala ufuko, na ambapo mtoto akitaka kuona maji makubwa sharti apandishwe gari. Walakini ukitafakari kidogo utaona kwamba mji wetu umekaa baina ya maji mawili. Magharibi, kwa barabara ipitayo Mbinga, liko Ziwa Nyasa na bandari yake ya Mbamba Bay. Na mashariki, katika milima ya Matogoro tunayoitazama kila asubuhi, huzaliwa mto Ruvuma, ambao husafiri kilomita zipatazo 800 mpaka ukamwagika katika Bahari ya Hindi, kusini ya Mtwara. Usipa aliyemo kapuni mwa mchuuzi wako ametoka katika maji ya kwanza, na nguru wa chumvi ametoka katika maji ya pili. Basi hali ya maji hayo, na hasa hali yake katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, ni jambo la jikoni mwako kabla halijawa jambo la mvuvi aliye mbali.

Majira yenyewe

Watu wa Ulaya wakitaja majira ya kuchipua hukusudia Machi na Aprili, barafu inapoyeyuka juu ya maziwa yao na samaki waliojificha chini kwa baridi wakapanda kutafuta chakula. Sisi tulio kusini ya Ikweta majira hayo hutujia Septemba, wala hatuna barafu ya kuyatangaza. Illa tunayo miombo, ambayo wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua huvaa majani mapya yenye wekundu wa shaba, hata msafiri aendaye Namtumbo akadhani pori limeshika moto upya. Majani hayo yakisha kutoka, fahamu kwamba kule ziwani upepo wa kusi umeanza kulegea.

Watu wa pwani, ambao maisha yao yote yalikuwa juu ya tanga na nyavu, waliyapa majira haya majina yake tangu zamani. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Aprili au Mei. Ikichoka, mwishoni mwa Agosti, huingia demani, wakati wa upepo mwanana. Kisha huja maleleji, ambapo upepo haujui uelekee wapi, na matlai ya asubuhi kutoka mashariki. Na Novemba ikiendelea hushika kaskazi. Wazee walizihesabu siku kwa miongo, yaani makumi, kuanzia siku ya Mwaka, ile Nairuzi ambayo Makunduchi huiadhimisha kila Julai, na nahodha aliyejua mwongo wa ngapi alijua kama atue tanga au alitweke. Elimu ile haikuwa ushirikina. Ilikuwa daftari la hali ya hewa lililohifadhiwa vifuani mwa watu, na ni hasara kubwa kwamba vijana wetu wengi hawalisomi tena.

Upepo uliolima ziwa

Mkulima wa mahindi wa Songea ataelewa mambo ya Ziwa Nyasa upesi kuliko mtu mwingine, kwa kuwa anajua kazi ya jembe na kazi ya mbolea. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 560, na pale penye kina kirefu kabisa hupita mita 700. Maji ya shimo hilo kubwa hayana hewa ya kuvutwa na samaki. Ukishuka chini ya mita 250 hivi hukuti tena kiumbe mwenye mapezi. Lakini huko chini ndiko kulikolundikana virutubisho vya karne nyingi, kwani kila kinachokufa juu huzama, kikaozea gizani. Ingekuwa ziwa halitikisiki, mbolea ile yote ingelala huko bure, na maji ya juu yangekuwa safi, mazuri kwa macho, na matupu.

Kinacholitikisa ni kusi, ambayo ng'ambo ya Malawi huitwa mwera. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo huo huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, ukayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na nafasi iliyoachwa kusini ikajazwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini. Wakati huo huo baridi ya kipupwe huyapoza maji ya juu hadi digrii 23 au 24, na maji yaliyopoa huwa mazito, huzama na kuchanganyika. Hapo ndipo mbolea inapopanda kwenye mwanga, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho ikasitawi, na wadudu wadogo wa majini wakaila. Hao wadudu ndio chakula cha usipa. Kwa hiyo wimbi lile la Julai, ambalo mvuvi wa Liuli hulilaani kwa kumfungia mtumbwi pwani, ndilo lililomlimia shamba atakalolivuna kusi ikilegea.

Fauka ya hayo, ziwa hili hutoa kungu, wale nzi wadogo ambao hupanda kutoka majini kwa makundi makubwa hata mtu aliye mbali akadhani ni moshi juu ya ziwa. Kuna watu wa mwambao huo ambao huwakusanya, wakawafinyanga mkate na kuula.

Usipa na mwezi

Usipa ni samaki mdogo, aghalabu hapiti urefu wa kidole kirefu, na umri wake ni kama mwaka mmoja tu. Yapasa tuiweke akilini habari hii ya umri, maana ndiyo sababu ya usipa kujaa mwaka huu na kuadimika mwaka ujao: hana akiba ya wazee wa kuziba pengo endapo kizazi kimoja kimekosa chakula.

Huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri zimeenea. Mtumbwi hukaa kimya juu ya maji meusi, wadudu wadogo huufuata mwanga, usipa huwafuata wadudu, na wavu hufuata usipa. Hila hii haifai kitu usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa ziwa zima limekuwa na taa moja kubwa na samaki hawana haja ya kukusanyika penye taa ndogo. Basi mama wa Mfaranyaki anayeona bei ya sado moja ya usipa ikipanda ghafla asimdhanie mchuuzi dhuluma kabla hajatazama juu usiku. Akikuta mwezi umetimia, jawabu amelipata. Wiki mbili baadaye, katika kiza, bei itashuka, na huo ndio wakati wa kununua wa kuweka.

Lakini anunue kwa macho na vidole. Usipa aliyeanikwa juu ya kichanja, mbali na ardhi, hung'aa fedha, mgongo wake hunyooka na ukimvunja hutoa mlio mkavu; aliyeanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga huo tumboni na machoni, na hakuna kuosha kutakakouondoa wote. Mvua za kwanza zikianza Novemba, huja balaa ya pili, yaani unyevu: chukua konzi moja, ifumbate mpaka uhesabu kumi, kisha uifumbue. Wakishikamana kama unga uliolowa, au wakitoa harufu ya uvundo, warejeshe kapuni kwa adabu na uende kwa mwingine. Mchuuzi naye, aliyesafiri usiku kucha na gunia lake, afahamu kwamba turubai moja na kichanja kimoja vitamlinda na hasara kuliko maneno matamu ya sokoni.

Magege, mama mwenye watoto kinywani

Hapa ndipo penye moyo wa kijitabu hiki, nami naomba pasomwe polepole.

Maji yanapopata joto, kuelekea digrii 28 za kiangazi, samaki waitwao magege hukaribia pwani. Dume huchimba kiota katika mchanga wa maji haba, kama sahani pana, akakilinda kwa ukali; jike huja, hutaga, kisha huyaokota mayai yake na kuyatia kinywani. Humo huyaatamia, na humo watoto hukimbilia hata baada ya kuanguliwa, kila waonapo hatari. Ukimfunua kinywa magege jike aliyenaswa Oktoba au Novemba unaweza kukuta mayai ya manjano yamepangana kama punje za mtama, au visamaki vyenye macho makubwa vikitapatapa kwa kukosa maji. Mara nyingi hutayakuta kabisa, kwa kuwa mama aliyebanwa na wavu huyatema, na yaliyotemwa huliwa papo hapo na samaki wengine.

Kokoro, likivutwa ufukoni katika miezi hii, huyafagia haya yote kwa mkupuo mmoja: viota, madume, majike na vilivyomo vinywani. Ndiyo maana kanuni za uvuvi za nchi yetu, chini ya Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003, zimelikataza kokoro mwaka mzima, kama zilivyokataza sumu na baruti. Wapo wasemao kwamba sheria hizi zimewekwa kumkomoa maskini. Hasha. Maskini ndiye atakayebaki ufukoni siku samaki wakiisha. Mwenye mali atahamisha mtaji wake akafungue duka.

Mbasa naye ana msiba wake. Yeye huishi ziwani lakini hupanda mito kwenda kuzaa, na katika upande wetu mto mkuu ni Ruhuhu, uingiao ziwani karibu na Lituhi. Akipanda kwa makundi katika njia nyembamba, mtu mmoja mwenye wavu wa kuziba mdomo wa mto aweza kuangamiza kwa siku chache kizazi cha mwambao mzima.

Lakini kwingineko wamewapa samaki nafasi ya kuzaa na kukua: nchi zinazoshiriki Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, na katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, wanakijiji wamezoea kuifunga baadhi ya miamba ili pweza akue kabla ya kuchomwa. Mambo haya yanawezekana, na walioyafanya ni wavuvi kama wa kwetu.

Utulivu usikughuri

Mvuvi aliyefungiwa na mawimbi miezi minne huiona asubuhi ya Oktoba, maji yametulia kama mafuta sahanini, akasahau jaketi okozi nyumbani. Hatari za majira haya ni mbili. Ya kwanza ni kusi yenyewe, ambayo hata baada ya kulegea hurudi kwa siku mbili tatu. Na kwa kuwa huvuma kwa kufuata urefu wote wa ziwa, wimbi lake hukua njiani, likafika Mbamba Bay au Lituhi limekuwa mlima. Ya pili ni tufani za mvua za kwanza, ambazo hutanguliwa na wingu jeusi upande mmoja na upepo baridi wa ghafla, na humkuta mtu wa taa usiku, mbali na nchi kavu, asiweze kuliona wingu lenyewe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa maziwa na bahari kila siku, na tahadhari zake zina rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wewe uliye Mfaranyaki, mwenye redio au simu ambayo haikosi mtandao kama ufukoni, waweza kumpigia ndugu au mshirika wako aliye Liuli kabla ya magharibi na kumsomea tangazo hilo. Simu moja ya namna hiyo ni msaada mkubwa kuliko rambirambi.

Kwa pwani ya Lindi na Mtwara maneno ni machache. Mwishoni mwa Septemba, usiku na mchana vinapolingana, bamvua huwa kubwa kuliko za kawaida. Maji hutoka mbali na miamba huanikwa, hata wanawake wakaenda kwa miguu hadi penye pweza. Maji yaliyotoka sana hurudi kwa kasi. Anayechokoa mwambani atazame nyuma yake kama atazamavyo shimo la pweza. Kaskazi ikishika, bahari hutulia na kupata mwanga, nao wenye mashua huwafuata nguru na jodari nje ya miamba.

Kwa mchuuzi na mlaji

Samaki havuliwi kama hana mnunuzi, na mnunuzi wa samaki wengi wa Nyasa ni sisi tulio juu huku. Ukiletewa magege wasiofika urefu wa kiganja, katika miezi ya Oktoba na Novemba, kataa, na umweleze mleta sababu yake. Ukimwona tena na mzigo wa namna hiyo, mpe habari Afisa Uvuvi wa halmashauri, ambaye kazi yake ni hiyo. Nunua usipa wa kiza, aliyekauka juu ya kichanja. Na kabla hujaondoka penye meza ya mchuuzi, muulize samaki huyu amevuliwa kwa wavu gani, na umngoje ajibu.