Begi Halina Mwenyewe: Somo kwa Vijana wa Zamu ya Mlangoni



Somo la leo naanza na kosa langu mwenyewe. Parokia siitaji, ila ni huku huku Temeke, kanisa linalojaa mpaka watu wanakaa nje chini ya turubai. Jumapili ile vijana ndio tulikuwa na zamu ya mapokezi, na kiongozi wa zamu nilikuwa mimi. Misa ya pili, kuna ubatizo wa watoto. Katikati ya mahubiri mwanakwaya mmoja akaninong'oneza: "Kaka, kuna begi jeusi pale kwenye benchi la nyuma, halina mtu."

Nikaenda. Nikalinyanyua, nikalipitisha katikati ya watoto wa Utoto Mtakatifu mpaka nyuma ya sakristia, nikafungua zipu. Nepi, chupa ya uji, kanga moja. Tukacheka sana.

Dakika chache mwenyewe akaja. Dada amevaa baibui, mtoto mgongoni, alikuwa ametoka kwenda kumsafisha. Hapo kicheko kikaisha. Tukamzunguka vijana watatu: unatoka wapi, umekuja na nani, begi umeliacha kwa nini. Na nepi tulishaziona jamani! Kumbe ni shangazi wa mmoja wa watoto waliokuwa wanabatizwa, Mwislamu, kaja kusimama na ndugu zake siku yao ya furaha. Alichukua begi lake akaondoka kabla ya Misa kwisha.

Mzee mlinzi wa parokia aliniita baadaye. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea kidole: "Mwanangu, begi umelibeba kama kapu la sadaka, halafu dada wa watu umemshika kama mwizi."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu.

Nianze na begi, maana wengi wetu tunaona tahadhari hizi ni mambo ya kwenye sinema. Tarehe 5 Mei 2013, huko Olasiti, Arusha, waamini walikusanyika kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Balozi wa Papa akiwepo. Bomu lilirushwa kwenye umati. Watu 3 walikufa, zaidi ya 60 waliumia. Lile halikuwa begi lililoachwa, ni kweli, lakini walioumia walikuwa wamevaa nguo zao za Jumapili kama sisi. Kampala, Julai 11, 2010, zaidi ya watu 70 waliuawa wakiangalia fainali ya Kombe la Dunia, na baada ya hapo polisi walikuta kwenye klabu moja ya Makindye mkanda wa mabomu ambao haujalipuka, umo ndani ya begi. Na sisi wa Dar tusisahau Agosti 7, 1998, bomu la kwenye lori pale Ubalozi wa Marekani, Kinondoni. Watu 11 walikufa, wakiwemo walinzi waliokuwa kazini tu siku ya Ijumaa asubuhi.

Wenyeji wa Mbagala wana lao pia. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka, zaidi ya watu 20 wakafa, mabomu yakaangukia mpaka kwenye nyua za watu. Yale yaliyokuwa hayajalipuka, wananchi waliambiwa wasiyaguse, wasubiri wanajeshi. Miaka miwili baadaye, Februari 2011, ikawa Gongo la Mboto, amri ikawa ile ile. Ukitaka kujua kwa nini mama wa Mbagala anamkemea mtoto anayeokota chuma asichokijua, ndiyo hiyo.

Sasa utasikia kijana anasema: "Tuko nyumbani mwa Mungu, Mungu atatulinda." Fungua Luka 4:9-12. Shetani alimpandisha Yesu juu ya mnara wa Hekalu, akamwambia ajitupe, na akamtolea aya kabisa ya Zaburi 91 kuhusu malaika. Yaani wazo la "ruka tu, utalindwa" lilitoka kinywani mwa nani? Yesu alikataa, akajibu kwamba Mungu hajaribiwi. Katekisimu (na. 2119) inatumia tukio hilo hilo kufundisha dhambi ya kumjaribu Mungu. Na namba 2269, kwenye amri ya tano, inasema hairuhusiwi kumweka mtu kwenye hatari ya kufa bila sababu nzito. Mimi niliwapitishia watoto begi nisilojua lina nini. Kwamba zilikuwa nepi, hiyo siyo busara yangu.

Nehemia sura ya 4 ina mfano ninaoupenda. Waliokuwa wanajenga ukuta wa Yerusalemu walitishiwa na maadui. Wakafanya vyote viwili: wakasali, na wakaweka walinzi usiku na mchana.

Basi ukiona begi halina mtu, usiliguse, usilisogeze, usilifungue. Uliza walio karibu: la nani hili? Makonda wetu wa daladala wanaliweza hili vizuri kuliko sisi, mzigo ukibaki, konda anapaza sauti "Mzigo wa nani huu?" mpaka ajulikane. Kanisani mpelekee taarifa katekista atangaze kwa utulivu. Uingereza, watu wa reli hufundishwa kujiuliza mambo matatu: je, limefichwa makusudi? Je, kuna kitu cha kutisha waziwazi, kama nyaya au betri zinaonekana? Je, ni kitu cha kawaida kwa mahali hapa? Begi la mama juu ya benchi siku ya ubatizo, hamna kitu cha kawaida zaidi ya hicho. Tangazo moja lingetosha. Lakini likiwa limesukumiwa nyuma ya tenki la maji, halafu mwenyewe hajulikani, hapo ondoa watu kwanza, taratibu, watoto na wazee mbele. Usisimame pembeni yake ukipiga simu. Sogea mbali, ndipo upige 112. Na tafadhali, usipige picha kurusha kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya! Ukiandika "bomu kanisani", watu watakanyagana mlangoni kwa ajili ya chupa ya uji.

Nije kwa yule dada, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Tahadhari ni juu ya begi. Sisi tuliihamisha ikawa juu ya baibui. Katekisimu namba 2477 inaita hiyo hukumu ya haraka: kuamini kwamba jirani ana kosa bila msingi wa kutosha, hata kama hujatamka neno. Na sisi tulitamka! Jiulize, angekuwa mama wa WAWATA na kitenge chake, tungemwuliza ametoka wapi? Tungembebea begi mpaka kwenye benchi.

Kwenye daladala la Mbagala aliyekaa anampokea aliyesimama begi lake, anamshikia mapajani, hawajuani hata jina, wala dini hawaulizani. Hiyo ni mali kubwa tuliyonayo Dar. Msamaria wa Luka 10 naye alikuwa wa dini ambayo wasikilizaji wa Yesu hawakuipenda, na ndiye aliyewekwa kuwa mfano.

Wiki ile nilikwenda na mwenyekiti wetu wa VIWAWA nyumbani kwa familia ya mtoto aliyebatizwa, nikaomba waniitie yule dada. Alikuja, akatusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nikamwambia nimekosa, na siyo yeye aliyetakiwa kuulizwa maswali, ni mimi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa kaka, yameisha. Ila picha ya ubatizo ndiyo sipo." Kweli, waliponionyesha picha, hayupo.

Swali la jumuiya wiki hii: mlangoni kwenu, mara ya mwisho mliyemsimamisha kumwuliza maswali alikuwa nani, na alikuwa amefanya nini?